Nimechimbua pete ya fedha kwa ploti Utawala, ndani iko na alama za ajabu. Mwenye kujua asaidie

Kijana_wa_Utawala

Wasee habari za jioni. Mimi si mtu wa nyuzi ndefu lakini hii kitu imeninyima usingizi tangu juzi.

Iko hivi. Mjomba wangu alinunua ile mashine ya kutafuta madini chini, ditekta, akaenda nayo Migori miezi minne akijua atarudi na dhahabu. Alirudi na malaria na deni. Mashine ikakaa kona ya nyumba imefunikwa na leso mpaka nikamwambia niachie nicheze nayo kidogo kabla uuze. Tuko na ploti hapa Utawala, mtaa wa mashariki ya Nairobi, bado hatujajenga, tumezungusha mabati tu na choo ya mjengo, basi Jumamosi nikaingia na hedifoni kwa kichwa kama dijei, majirani wakiniangalia hivi.

Masaa matatu ya kwanza ni takataka tupu. Visoda kumi na saba (nilihesabu), misumari, waya wa kufungia vyuma, tumikono twa kufungulia mikebe ya soda, na senti kumi moja ya zamani yenye shimo katikati. Hiyo ya shimo ilinipa moyo. Halafu karibu na ukuta wa nyuma mashine ikalia sauti ingine, safi, kama kengele, nikipitisha kulia inalia nikirudisha kushoto inalia vilevile, si kama msumari unalia upande mmoja halafu inakatika. Nikachimba kama nusu futi hivi, nikatoa kitu nyeusi nikadhani ni washa ya baiskeli. Nikatema mate nikasugua na shati. Pete!

Ni nyembamba, nje kuna majani majani yamelika, na ndani kuna alama ndogo sana. Nimezipiga picha na tochi ya simu lakini hazitokei poa. Naona herufi mbili, halafu kitu kama mshale unaangalia chini, halafu mnyama kama paka anatembea, halafu herufi moja pekee, kama n ndogo.

Jana nikaipeleka kwa sonara mmoja huko tao. Hata hakuangalia ndani, aliitupa kwa mizani, gramu tatu na kitu, akasema mia nne na hamsini. Nikatoka. Mjomba anasema nirudi nichukue hiyo pesa, mathe anasema nirudishe pete shimoni usiku bila kuangalia nyuma. Nimechanganyikiwa. Hii ni nini nimepata?

Mavyuma_Kayole

Mia nne hamsini??? Buda hiyo ni antiki, watu wa nje wanalipa milioni. Usiuze. Nitumie namba inbox.

Kijana_wa_Utawala

Milioni ukiwa nayo ungekuwa Kayole kweli 😂

mama_wa_watatu

Mimi niko upande wa mamako. Pete ya kuokotwa haivaliwi. Kwetu kulikuwa na msichana aliokota pete mtoni akaivaa, kidole kikafura mpaka ikakatwa na msumeno wa vyuma. Mtu hawezi kupoteza pete hivi hivi, kuna pete huwa zinawekwa chini makusudi na wenyewe.

Fundi_Bomba

@mama_wa_watatu kidole kilifura kwa sababu pete ilikuwa ndogo, hiyo si jini ni saizi.

Kijana, safisha kwanza tuone. Colgate na brashi ya meno, ama limau na majivu, itang'ara kama mpya.

BintiSonara

SUBIRI. Usiisugue na chochote hino pete, wallahi mwaniua na Colgate zenu.

Babu yangu alikuwa sonara Lamu, mimi nimelelewa chini ya meza yake nikiokota vipande, kwa hivyo nisikize ndugu yangu. Ule weusi si uchafu. Fedha haipati kutu kama chuma, ila yashika weusi ikikutana na salfa iliyomo udongoni na hewani. Dawa ya meno ina chengachenga zakwaruza, na hizo alama ulizoziona ndani zimepigwa juu juu tu, ukisugua mara mbili tatu ndiyo kwaheri. Na alama hizo ndizo zitakwambia pete ni ya wapi na ya mwaka gani! Limau nalo lakula ile shaba iliyochanganywa ndani. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo tone moja, brashi laini ya mtoto, usukutue tu mchanga utoke. Ile njia ya foili ya alumini na magadi na maji moto yafanya kazi, kwa sababu alumini yaivuta ile salfa kutoka kwa fedha, lakini pia yaondoa weusi ndani ya nakshi na pete yabaki rangi ya kijiko. Sonara mwenye akili hufanya hivyo mwisho kabisa, au hafanyi.

Sasa hizo alama. Huo mshale wa kuangalia chini, hebu uangalie tena, si nanga ya chombo?

Kijana_wa_Utawala

Eeeh! Ni nanga! Nimeazima kale kalenzi ka fundi wa saa wa hapa stejini. Nanga kabisa, iko na kale kapete juu. Na huyo si paka ni simba, mkia umekunjwa juu ya mgongo, mguu mmoja wa mbele ameinua.

BintiSonara

Basi majini wako watoka Birmingham 😂 Mama wa watatu tulia dadangu.

Wangereza tangu zamani hawaruhusu fedha iuzwe mpaka ipimwe na ipigwe muhuri. Simba anayetembea ndiye asema hii ni fedha ya 925, yaani kwa kila sehemu elfu, mia tisa na ishirini na tano ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu. Nanga ni ofisi ya kupimia ya Birmingham. Ingekuwa London ungeona kichwa cha chui, Chester ni miganda mitatu ya ngano na upanga. Herufi mbili ni za fundi au kampuni iliyoipeleka ikapimwe. Ile herufi pekee ndiyo mwaka.

Nambie kitu kimoja: kuna kichwa cha mtu popote, kama cha kwenye sarafu?

Kijana_wa_Utawala

Hakuna kichwa. Ni hizo tu.

BintiSonara

Vizuri. Kichwa cha mfalme au malkia kilikuwa ushahidi wa kodi, kikaondolewa 1890. Si ushahidi wa kutosha peke yake lakini chaelekea baada ya hapo. Na kama herufi ni n ndogo ya kawaida, ya kitabuni, si ya mapambo, basi kwa Birmingham mzunguko wa herufi ndogo ulianza na a mwaka 1900 ukaisha na z 1924, wakiruka j. Hesabu mwenyewe. n ni 1912.

Mkenya_Leicester

Dada ameua kabisa. Mimi niko Uingereza mwaka wa tisa, jirani yangu mzee hutoka kila Jumapili na ditekta na chupa ya chai kwenda mashambani, na huku kabla uingie lazima mwenye shamba akubali. Huku ukipata pete ya fedha yenye umri wa zaidi ya miaka 300 ni lazima uripoti ndani ya siku 14, wakisema ni hazina na makumbusho yakaitaka unalipwa zawadi, kawaida wewe na mwenye shamba mnagawana nusu nusu. Hii ya 1912 huku hawatahangaika nayo, ziko nyingi sana kwenye masoko ya vitu vya zamani. Mavyuma pole kwa milioni yako.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, hongera kwa udadisi, lakini ningependa kukutahadharisha kuhusu sheria ya hapa kwetu maana naona watu wanaongea kana kwamba ardhi haina mwenyewe.

Tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, yaani mwaka ule Waingereza walipotangaza nchi hii kuwa himaya yao. Cha aina hiyo kikitoka ardhini ni mali ya serikali, si chako wala si cha mjomba. Na kutafuta kwa makusudi vitu hivyo vilivyozikwa kunahitaji leseni. Kwa hivyo hiyo mashine usiende nayo kwenye maeneo ya kale kama Gede wala Olorgesailie, na wale vijana wanaokwenda Salaita kule Taveta kuokota maganda ya risasi za vita vya 1916 waambiwe kwamba pamoja na sheria, huko chini kuna vitu vinaweza kulipuka bado.

Ndiyo maana herufi moja ndani ya pete ina uzito kuliko gramu zake tatu. Kama ni 1912, haikuwapo 1895, basi uko salama. Lakini kuna jambo linanisumbua. Utawala mwaka 1912 kulikuwa na nani? Ni mbuga tupu upande huo. Pete ya Kiingereza yenye majani ilifikaje hapo?

Kijana_wa_Utawala

Hiyo mwalimu hata mimi nimejiuliza. Sijui, pengine reli?

Fundi_Bomba

Reli ilifika Nairobi 1899 lakini haikupita Utawala, hiyo ni mbali.

mama_wa_watatu

Nimewaambia iliwekwa. Hamsikii.

Dere_wa_Tipa

Niulize swali la kijinga. Hiyo pete ulipoitoa udongo ulikuwa rangi gani?

Kijana_wa_Utawala

Mwekundu. Hata saa hii nakshi zake ndani ziko na wekundu.

Dere_wa_Tipa

Basi hiyo pete haijawahi kupotea Utawala. Mimi nimebeba udongo hii Nairobi miaka kumi na mbili. Utawala yote, Embakasi, Ruai, huko ni udongo mweusi, ule ukinyeshewa unanata kwa gambuti mpaka unatembea kama umevaa viatu vya sementi na kiangazi unapasuka mtu anaingiza mkono. Huwezi jengea juu yake, lazima uutoe ama ujaze juu. Na hiyo ya kujaza inatoka wapi? Inatoka Kileleshwa, Lavington, Kilimani, wakibomoa zile nyumba za zamani za bustani kubwa na kuchimba chini ya ghorofa pakingi ya magari. Huko udongo ni mwekundu chini mpaka uchoke. Sisi tunalipwa kuutoa, halafu tunakuja huku tunalipwa tena kuumwaga 😂 Kijana ulijaza ploti?

Kijana_wa_Utawala

Manze.

Tulijaza 2021. Lori sita.

Mwalimu_Mstaafu

Dereva, umenipa somo nililofundisha miaka thelathini bila kuliona. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba wakoloni waligawa Nairobi kwa rangi: wazungu magharibi kwenye vilima, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki Pumwani na kwingineko. Sikuwahi kuongeza kwamba mpaka huo ulifuata udongo pia, wekundu unaopitisha maji ukawa wao na mweusi unaotuama ukawa wetu. Sasa bustani zao zinahamishwa kwa tipa kuja mashariki, na pete zao ndani.

Mavyuma_Kayole

Basi pete ni ya nani? Ya mwenye ploti ya Kileleshwa ama?

Dere_wa_Tipa

Ya mwenye kulipa lori. Alinunua udongo, pete ni nyongeza kama ile ya mama mboga.

Mwalimu_Mstaafu

Kisheria si rahisi hivyo, lakini kwa pete ya mia nne hamsini sidhani kuna atakayekwenda mahakamani.

Kijana_wa_Utawala

Wasee kuna shida. Mathe ameiweka kwa glasi ya maji ya chumvi tangu asubuhi, anasema siku tatu itakuwa imetoka chochote kilichomo.

BintiSonara

ITOE!!! Sasa hivi! Chumvi na fedha haviwani kabisa, yaila polepole na yaacha ukungu wa kijivu hautoki. Ioshe na maji baridi mengi, ikaushe na kitambaa cha pamba. Mamako mwambie nimemsalimia na mwambie akitaka kuisomea aisomee ikiwa kavu.

Kijana_wa_Utawala

Nimeitoa. Ameniangalia vile mtu huangalia mtoto ametupa chakula. Kwa bahati ni masaa mawili tu, sioni kitu kimebadilika.

Lakini nilipokuwa naikausha nimeona kitu kingine. Hiyo n, nikiigeuza pete inakuwa u. Sasa ni gani?

BintiSonara

Aa! Hilo ni kosa langu, ningekuuliza mwanzo. Mtazame simba. Msimamishe kwa miguu yake, mgongo juu, kisha usome herufi bila kugeuza pete tena. Nanga nayo iwe kipete juu. Wasoma nini?

Kijana_wa_Utawala

Simba amesimama, nanga imesimama... ni u. U kabisa, iko na kamkia kulia.

BintiSonara

Basi futa 1912. u ni 1919. Samahani wote, nilimwamini bila kumuuliza simba yuasimama vipi.

Mkenya_Leicester

1919! Vita vimeisha tu mwaka uliotangulia. Naona sajini anapiga goti 😂

Mwalimu_Mstaafu

1919 ndio mwaka serikali ya kikoloni ilipoanza mpango wa kuwagawia wanajeshi wa Kiingereza waliotoka vitani mashamba huku, na mwaka uliofuata himaya ikawa koloni. Wale vijana wa Carrier Corps waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo wakabaki na jina tu, la mtaa wa Kariokor hapa Nairobi. Inaingia vizuri sana katika hadithi.

BintiSonara

Yaingia vizuri mno mwalimu, ndipo naogopa. Muhuri wasema siku ilipopimwa Birmingham, hausemi siku ilipotua Mombasa wala siku ilipomtoka mtu kidoleni. Babu alikuwa akiyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za zamani, kutengenezea bangili, na zile zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mia na zaidi baadaye. Alikuwa akicheka, asema fedha yote ya Lamu imezaliwa mwaka mmoja. Pete yaweza kuwa ya bibi aliyemwachia mjukuu, mjukuu akaja nayo 1950, ikamtoka akipanda maua. Au ya yaya aliyopewa akiondoka mwajiri wake. Au ilinunuliwa mtumba juzi! Ilivyolika yale majani nje, mimi nasema ilivaliwa miaka mingi kabla ya kupotea, hilo tu ndilo ningeapia.

mama_wa_watatu

Ya yaya. Mimi nachagua ya yaya. Alikuwa anafua nguo nje, povu, ikateleza. Nimefua nguo za watu Lavington miaka sita najua vile pete huteleza na sabuni.

Kijana_wa_Utawala

Hiyo mama imeniingia.

Fundi_Bomba

Na kwa nini haikuonekana na mashine kama visoda, nilikuwa nataka kujua, yaani inajuaje ni fedha?

Kijana_wa_Utawala

Haijui. Vile mjomba alinieleza, koili inatuma nguvu ya sumaku chini, chuma chochote kinairudisha, na fedha na shaba zinapitisha umeme vizuri ndio zinarudisha ile sauti ya juu safi. Msumari unavuruga. Lakini mkebe wa soda pia unaweza kukudanganya vibaya sana, na tule tumikono ndio shetani mwenyewe, kwa sababu tunalia karibu sawa na pete ya dhahabu, ukituruka utaruka na dhahabu. Ndio maana mjomba alichimba Migori mpaka akachoka. Ule udongo wenyewe uko na madini ya chuma mashine inapiga kelele hata bila kitu.

Mjomba_Mwenyewe

Nimetumiwa huu uzi. Nilikuwa na malaria jameni, mtu akiwa na malaria hawezi tafuta dhahabu. Kijana rudisha mashine yangu. Dere wa Tipa, hizo mjengo za Kileleshwa mnamwaga wapi siku hizi?

Dere_wa_Tipa

😂😂😂 Ruai. Kuja na chai.

Mwalimu_Mstaafu

Mjomba, ombeni ruhusa ya mwenye ploti kwanza, na mkiona kitu kinaonekana kikuukuu zaidi ya huu muhuri, shanga, vyungu, mifupa, simamisheni jembe mpigie watu wa Makumbusho simu. Tafadhali.

Kijana_wa_Utawala

Nafunga uzi wasee, ahsanteni, nimejua vitu wiki hii kuliko fomu foo mzima. Siuzi. Nilirudi kwa yule sonara kumwonyesha simba na nanga, akachukua lenzi akaangalia muda mrefu sana, akasema mia saba. Nikamwambia ahsante mzee nikatoka. Kwa kidole changu haiingii hata ya mwisho, ilikuwa ya mtu mwenye mkono mdogo. Mathe amekubali ikae kwa nyumba lakini si kwa chumba yake, iko kwa kikombe juu ya televisheni, kavu.

BintiSonara

Kikombe kikavu, kitambaa laini, na mbali na mpira, hata zile raba za kufungia pesa, mpira una salfa yaifanya nyeusi haraka. Kisha uiache.

Fundi_Bomba

Na ile senti kumi ya shimo iko wapi? Hakuna mtu ameuliza.

Kijana_wa_Utawala

Mathe ameifunga kwa uzi akamvalisha mtoto wa dada yangu. Hiyo ati haina jini.